UCHAMBUZI: Kampuni ya mtu mmoja ilivyochelewa miaka 52 kufika Busia na Malaba

MFANYABIASHARA wa mahindi anayevusha shehena yake kutoka Uganda hadi Busia au Malaba, upande wa Kenya, hukabiliwa na sheria nyingi kwa siku moja. Kuna ya forodha, ya viwango vya ubora, ya afya ya mimea, ya uhamiaji na ya ada za soko la kaunti. Zote hizo anazifahamu vyema, kwani kila moja ina afisa wake anayemngoja. Asiyoifahamu ni sheria ya kampuni, ambayo haina afisa pale mpakani wala haimsimamishi mtu njiani. Hata hivyo, ndiyo inayojibu swali zito kuliko yote: siku biashara itakapozama, je, itazama peke yake, au itazama pamoja na nyumba, shamba na karo ya watoto?

Swali hilo si la kinadharia. Machi 2021 Kenya ilisimamisha ghafla uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumu ya aflatoksini, kisha siku chache baadaye ikafungua tena mlango kwa masharti mapya. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wakati wa janga la Covid-19, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kuelekea Malaba yakisubiri madereva wapimwe. Aliyekuwa amekopa ili anunue mzigo hakuwa na kosa lolote katika misukosuko hiyo miwili, lakini deni lilibaki lake. Ikiwa alikopa kwa jina lake mwenyewe, kama wafanyavyo wengi, sheria haitofautishi gunia lililooza na ng'ombe aliye zizini.

Mwanazuoni aliyelitafakari jambo hili kwa kina, tena kwa jicho lililoelekezwa Afrika, alikuwa Mwingereza Laurence Cecil Bartlett Gower, aliyezaliwa Desemba 1913 na kufariki Desemba 1997. Jina lake halitajwi katika masoko ya Busia. Lakini tofauti kati ya alichokipendekeza kwa Ghana na kile ambacho Kenya ilichagua kukifuata, takriban wakati uleule, inaeleza mengi kuhusu jinsi biashara ya mpakani ilivyoachwa nje ya ulinzi wa sheria kwa zaidi ya nusu karne.

Gower alikuwa wakili kabla ya kuwa mhadhiri. Mwaka 1948 alipata uprofesa wa sheria za biashara katika Chuo cha Uchumi cha London, na mwaka 1954 akachapisha kitabu chake kuhusu kanuni za sheria ya kisasa ya kampuni. Kabla yake, vitabu vya somo hilo vilikuwa zaidi miongozo ya mawakili, vikipita kifungu baada ya kifungu. Yeye aliuliza kampuni ni kitu gani hasa, inamtumikia nani, na kwa nini sheria impe mtu haki ya kufanya biashara huku akiwaachia wengine sehemu ya hasara. Kitabu hicho kimeendelea kutolewa upya na wasomi wengine hata baada ya kifo chake, na kimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sheria katika nchi za Jumuiya ya Madola.

Mwaka 1958 serikali ya Kwame Nkrumah ilimteua awe kamishna pekee wa kuchunguza sheria ya kampuni ya Ghana. Nchi hiyo ilikuwa ikitumia sheria ya mwaka 1907 iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1862. Njia rahisi ingekuwa kuchukua sheria ya Uingereza ya 1948, iliyokuwa mpya wakati huo, na kubadilisha majina. Gower hakufanya hivyo. Aliifahamu sheria ile ya 1948 kuliko watu wengi, na kwa sababu hiyo aliyajua makosa yake. Ripoti yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 1961, ilikuwa na rasimu ya sheria mpya pamoja na maelezo marefu ya vifungu, ili hakimu, karani wa msajili na mfanyabiashara waelewe kila kanuni imewekwa kwa sababu gani.

Rasimu hiyo ikawa sheria mwaka 1963. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo Uingereza yenyewe haikuwa imethubutu kuyafanya. Mtu mmoja aliruhusiwa kuunda kampuni peke yake. Hati mbili za kuanzisha kampuni zilifanywa moja. Thamani ya maandishi iliyokuwa ikibandikwa kwenye kila hisa iliondolewa. Mkataba haukubatilika eti kwa kuwa kampuni ilivuka madhumuni iliyoyaandika siku ya kusajiliwa. Nao wajibu wa wakurugenzi, ambao kwa Waingereza ulikuwa umetawanyika katika hukumu za mahakama za karne nzima, uliandikwa ndani ya sheria yenyewe.

Wakati wino wa ripoti hiyo ukikauka, Kenya ilikuwa ikielekea kwingine. Sheria yake ya Kampuni, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 486, ilitungwa mwaka 1959 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1962. Ilikuwa nakala ya sheria ya Uingereza ya 1948, ile ile ambayo Gower alikuwa ameikataa kwa niaba ya Ghana. Uganda nayo ilifuata mfano huohuo. Kwa hiyo nchi hizo mbili zilipopata uhuru, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963, mpaka uliopita Busia na Malaba ulizitenganisha serikali mbili lakini haukutenganisha sheria mbili za kampuni. Pande zote mbili zilikuwa na vazi moja, lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kipengele kilichomuumiza mfanyabiashara mdogo kilionekana kidogo sana kwenye karatasi. Kampuni ya binafsi ilihitaji wanachama wasiopungua wawili, na ya umma wasiopungua saba. Kanuni hiyo ya idadi ilikuwa imegeuzwa kuwa mchezo tangu karne ya 19. Katika kesi mashuhuri ya Salomon, iliyoamuliwa London mwaka 1896, fundi wa viatu aliuza biashara yake kwa kampuni ambayo wanachama wake saba walikuwa yeye mwenyewe, mkewe, binti yake na wanawe wanne, kila mmoja wa jamaa hao akiwa na hisa moja tu. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema kampuni ile ilikuwa nafsi halali, mbali na mwenyewe, na madeni yake hayakuwa ya Salomon. Ikiwa hisa sita za jamaa zilitosha kuitimiza sheria, basi sharti la idadi lilikuwa limebaki desturi tupu. Gower aliliona hilo na kulifuta.

Kenya ililihifadhi. Mtu wa Malaba aliyetaka kampuni ilimbidi atafute wa pili: mume, ndugu, shemeji, au rafiki wa kuazimwa jina. Huyo wa pili alipewa hisa moja asiyoilipia, na aghalabu hakuitwa tena hadi siku ya ugomvi. Sheria ilidhani inamlinda mkopeshaji kwa kudai watu wawili, kumbe ilikuwa ikipanda mbegu ya kesi za familia.

Ubaya zaidi ulijificha katika kifungu kingine. Chini ya Sura ya 486, iwapo wanachama walipungua na kuwa chini ya idadi inayotakiwa, na biashara ikaendelea hivyo kwa zaidi ya miezi sita, aliyebaki akilijua hilo aliweza kudaiwa binafsi madeni yaliyoingiwa baada ya muda huo. Tazama maana yake kwa mume na mke wanaomiliki duka la jumla karibu na kituo cha forodha. Mume akifa, kampuni inabaki na mwanachama mmoja. Mirathi mahakamani huchukua muda mrefu kuliko miezi sita. Mjane anaendelea kufungua duka kila asubuhi kwa sababu hana namna nyingine ya kuishi, na pasipo mtu kumwonya, ile ngao waliyoilipia inatoboka wakati anapoihitaji zaidi. Sheria ya Ghana ya 1963 haikumweka mjane katika mtego wa namna hiyo.

Mabadiliko yalipofika Afrika Mashariki, yalianzia ng'ambo ya pili. Sheria ya Kampuni ya Uganda ya 2012, iliyoanza kutumika Julai 2013, iliruhusu kampuni ya mwanachama mmoja. Kenya, ambayo tangu miaka ya 1990 ilikuwa imeunda jopokazi la kuzipitia sheria za kampuni na ufilisi, ilifanya hivyo kwa Sheria ya Kampuni ya 2015, iliyotiwa saini Septemba mwaka huo. Kwa kipindi cha miaka miwili na ushei, basi, mtu aliyesimama upande wa Uganda wa Mto Malaba aliweza kuwa kampuni peke yake, na jirani yake wa upande wa Kenya, anayezungumza Kiteso kilekile na kuuza bidhaa zilezile, hakuweza. Ukihesabu kutoka Ghana, ni miaka 52.

Orodha ya yaliyomo katika sheria ya 2015 ingemfurahisha Gower. Mtu mmoja anatosha kuwa mwanahisa na mkurugenzi. Wajibu wa wakurugenzi umeandikwa waziwazi. Kampuni ndogo yenye mtaji uliolipwa usiofika shilingi milioni tano haihitaji kuajiri katibu aliyesajiliwa. Usajili ulihamia mtandaoni chini ya taasisi mpya ya Huduma ya Usajili wa Biashara, hivyo mtu wa Busia hakulazimika tena kupanda basi la usiku kwenda Nairobi kukagua kama jina alilolitaka limechukuliwa.

Namna ilivyoandikwa ni jambo jingine. Sheria hiyo ina vifungu zaidi ya 1,000 na imefuata kwa karibu sana sheria ya Uingereza ya 2006. Kwa maneno mengine, Kenya ilitoka katika nakala moja ikaingia katika nakala nyingine, iliyo bora lakini nene zaidi. Hapa ndipo mbinu ya Gower inapotofautiana na ya watunga sheria wa Nairobi. Yeye alianza kwa kuuliza ni biashara za aina gani zilizoko Ghana, kisha akaandika. Sheria ya Kenya imebeba masharti ya masoko makubwa ya mitaji katika juzuu lilelile analopaswa kulifuata mwenye ghala moja la maharagwe Malaba.

Mfano mkali zaidi wa kutotazama mpaka ulikuwa kifungu cha 975. Kilipotungwa, kilidai kampuni ya kigeni inayotaka kusajiliwa Kenya iwe na asilimia 30 ya hisa mikononi mwa Wakenya wa kuzaliwa. Kwa benki ya kimataifa lilikuwa suala la mazungumzo ya mawakili. Kwa kampuni ndogo ya Uganda iliyotaka kufungua tawi hatua mia chache kutoka nyumbani, upande wa Kenya, lilikuwa ukuta. Tena ukuta huo ulijengwa miaka mitano baada ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki kuanza kutumika, Julai 2010, itifaki ambayo kifungu chake cha 13 kinawapa raia na kampuni za nchi wanachama haki ya kuanzisha biashara katika nchi nyingine ya Jumuiya. Sharti hilo la asilimia 30 lilifutwa kwa marekebisho ya mwaka 2017. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambamo maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Picha za siku ile zilikuwa za kupendeza. Lau kifungu cha 975 kingalibaki kilivyokuwa, lori lingalivuka upesi kuliko kampuni inayolimiliki.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba sheria njema huzaa kampuni zenyewe. Ghana ilikuwa na sheria ya kupigiwa mfano, ikadumu nayo hadi mwaka 2019 ilipotunga nyingine, na bado wachuuzi wengi wa masoko yake hawakuwahi kuwa na kampuni. Takwimu za Uganda kuhusu biashara isiyo rasmi mpakani zimeiweka Busia mara kwa mara miongoni mwa vituo vikubwa zaidi, jambo linaloonyesha kwamba bidhaa nyingi hupita mikononi mwa watu wasio na usajili wowote. Jumuiya yenyewe inalitambua hilo: utaratibu wake rahisi wa forodha unamruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizoorodheshwa na zilizotoka katika nchi wanachama, kupata cheti cha asili palepale mpakani. Utaratibu huo haumuulizi kama ana kampuni, na ndiyo sababu unatumika.

Halafu kuna benki. Anayekwenda kukopa kwa jina la kampuni changa huombwa dhamana yake binafsi, pengine na hati ya shamba. Akitia saini, ule ukomo wa dhima ambao ndio roho ya kampuni unaondoka kwa mkopo huo, na unabaki kwa wadai wadogo tu, yaani aliyemuuzia mahindi kwa mkopo, kibarua wa kupakua na mwenye ghala. Matokeo yake ni ya kushangaza: mwenye nguvu hujilinda kwa karatasi, na mnyonge ndiye anayebaki kudai kampuni isiyo na kitu. Wanaotaka kila mchuuzi asajili kampuni hawana budi kulijibu hili, na wachache hulijibu.

Mawakala wa forodha wa Malaba walionja upande mwingine wa hoja hii. Leseni ya kazi yao iliwasukuma wengi kuunda kampuni mapema kuliko wafanyabiashara wengine wa mji huo. Mwaka 2014, Himaya Moja ya Forodha ilipoanza na mizigo ya Uganda kukamilishiwa hesabu zake za kodi ikiwa bado Mombasa, kazi kubwa ya mpakani ilihama. Waliokuwa na kampuni waliweza angalau kuifunga, na madeni ya kampuni yakafa nayo, isipokuwa yale waliyoyadhamini wenyewe. Kampuni haikuwaokolea kazi, ila iliwawekea mpaka wa hasara, na kwa familia zao huo haukuwa mpaka mdogo.

Wazo la Gower ambalo halikupata masikio Afrika Mashariki kwa wakati wake linawahusu wanaofanya biashara kwa vikundi. Pamoja na sheria ya kampuni, kazi yake Ghana ilizaa mwaka 1962 sheria ya ubia wa binafsi uliosajiliwa. Chini yake watu wachache walioungana walipata nafsi moja ya kisheria: wangeweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina la ubia, bila mzigo wa taratibu za kampuni. Hawakupewa ukomo wa dhima. Gower aliona kwamba wengi wa wafanyabiashara wadogo hawahitaji zaidi kinga dhidi ya wadai. Wanahitaji chombo ambacho hakivunjiki mmoja wao anapoondoka.

Wanawake wanne wa Busia wanaochanga fedha kununua samaki au mitumba wanaielewa haja hiyo bila kufundishwa. Chama cha ushirika kinataka watu kumi. Ubia wa kawaida hauhitaji wengi hivyo, lakini kila mmoja hubeba deni lote. Sheria ya Kenya ya ubia wenye dhima yenye kikomo, ya mwaka 2011, inawafaa kwa maandishi, kwani inataka watu wawili tu na inaupa ubia nafsi yake. Ila imezungumzwa zaidi katika ofisi za wataalamu wa mijini kuliko sokoni. Hapo tatizo si sheria tena, ni habari, na gharama ya kuwasilisha taarifa kila mwaka.

Kuna pia hofu ya upande wa pili, ambayo Gower mwenyewe aliishughulikia uzeeni. Baada ya Lagos, ambako alikuwa mkuu wa kitivo cha sheria kuanzia 1962 hadi 1965, mwaka ambao chuo hicho kilitikiswa na mgogoro wa uteuzi wa makamu mkuu, alirejea Uingereza akawa miongoni mwa makamishna watano wa kwanza wa Tume ya Sheria, kisha makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Southampton kuanzia 1971 hadi 1979. Miaka ya 1980 aliombwa apitie ulinzi wa wawekezaji, na ripoti yake ikatangulia sheria ya huduma za fedha ya 1986. Msimamo wake ulikuwa kwamba dola haipaswi kumzuia mpumbavu asipoteze fedha zake, bali inapaswa kuweka udhibiti wa kutosha ili watu wenye busara wasifanywe wapumbavu.

Kwa mpakani, udanganyifu wa leo ni kampuni isiyo na sura. Kampuni ya mtu mmoja inayosajiliwa kwa simu ni neema kwa mwenye ghala, na ni neema vilevile kwa mfanya magendo anayetaka kuficha sukari ni ya nani. Ndiyo maana mwaka 2020 Kenya ilianzisha daftari la wamiliki halisi wa kampuni. Februari 2024, katika mkutano mmoja, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa fedha liliiondoa Uganda katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na kuiingiza Kenya. Ni nadra kwa pande mbili za mpaka mmoja kupishana mlangoni namna hiyo.

Yamebaki madaftari mawili. Kampuni iliyosajiliwa Nairobi ni ya kigeni Busia ya Uganda, na iliyosajiliwa Kampala ni ya kigeni Busia ya Kenya, licha ya miaka yote ya soko la pamoja. Mwenye duka upande mmoja na ghala upande wa pili, akitaka kufuata sheria kikamilifu, hana budi kujiandikisha mara mbili, kuwasilisha taarifa mara mbili na kulipa ada mara mbili. Kutoka dukani hadi ghalani, boda boda humfikisha kwa dakika chache.